Toleo Lisiloidhinishwa

Jumatatu ya pili ya Februari 1979, Deodata alichemsha sindano kwa kuni, kwa kuwa mafuta ya taa yote yalikuwa yamekwenda vitani. Zahanati yake ilikuwa chumba kimoja na stoo, katika kijiji cha ujamaa kilicho mwendo wa saa moja kutoka gulio la Nyakahura. Watu tisa walikaa kwenye benchi, na kila mmoja alisoma lebo ya kichupa chake kabla ya kudungwa. Huo ulikuwa utaratibu wa pale na pale tu. Vitabu vya kisomo cha watu wazima viliishia njiani, basi Deodata, ambaye jioni ndiye aliyekuwa mwalimu, alifundishia maandishi ya dawa. Wazee wa kijiji hicho walijua kusoma namba ya toleo, yaani fungu la dawa lililotengenezwa pamoja, na mwisho wa kutumika kabla hawajajua kuandika majina yao.

"Toleo sifuri nne moja saba," alisoma Mzee Pancras. "Mwisho wa kutumika, Juni 1981." Akakunja mkono wa shati, akadungwa penisilini.

Kesho yake alirudi asubuhi na mapema.

"Shikamoo, Mzee," alisema Deodata.

"Marahaba. Nesi, hebu tazama. Herufi ni ndogo mno kwa macho yangu."

Chini ya alama ya sindano palikuwa na maandishi meusi, yamenyooka kama yaliyopigwa chapa: Toleo 0417, mwisho wa kutumika Juni 1976. Deodata alichukua kichupa, akakwangua lebo kwa ukucha. Chini yake palikuwa na lebo nyingine, ya zamani, yenye maneno yale yale yaliyokuwa mkononi mwa mzee. Kufika saa nne, wote tisa walikuwa wamekuja kuonyesha mikono yao. Hakuna aliyeshangaa. Dawa ilikuwa imesema kweli ilipopata mahali pa kusemea, basi.

Aliyemtia Deodata hofu ni Genoveva, binti wa Kwandu, mama wa Kisukuma aliyehamia kijijini kutoka Shinyanga na ng'ombe wanne. Mtoto alikuwa na miaka sita na kichomi kilichomfanya apumue kwa mabega. Kufika Jumatano alikuwa amepata sindano nne. Mkononi alikuwa na mistari minne, yote ikisema 1976, na homa ilikuwa inapanda.

Alhamisi Landrova ya bohari ya dawa ilifika. Ndugu Sindayigaya, mtunza bohari, alipima maandishi ya mkono wa Pancras kwa rula, akayaona hayana kosa.

"Zilibandikwa lebo upya," alisema. "Dawa mpya zinahitajika mpakani. Ninyi endeleeni na hizi."

"Ndugu, hizi haziponyi."

"Zimeidhinishwa, Nesi. Zina sahihi."

Kisha akashusha katoni sita zilizofungwa kwa karatasi nyekundu iliyoandikwa KARANTINI. Ilikuwa penisilini mpya kabisa, toleo la mwaka ule ule, lakini dawa ikitoka kiwandani hufungiwa mpaka mkaguzi wa ubora aipime na kutia sahihi. Mkaguzi alikuwa ameitwa vitani. Kwa kuwa bohari ilikuwa imejaa, zingekaa hapo zahanati. "Usiguse," alisema, akaondoka.

Kwandu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Dada, ile ya karatasi nyekundu imekwisha muda?"

"Bado miaka mitatu."

"Basi inangoja nini?"

"Sahihi."

Kwandu hakulia wala hakubembeleza. Alimshusha mtoto, akamlaza sakafuni mbele ya mlango wa stoo, akaketi kando yake. Deodata alisikia pumzi ile ikikatika na kuunga, ikikatika na kuunga. Alijua kazi ingeweza kumponyoka, labda na jela juu. Akachukua mkasi, akakata karatasi nyekundu ya katoni moja, akamdunga mtoto.

Siku ya tatu Genoveva aliomba uji. Siku ya nne mkono wake wa kulia ulitoa herufi nyekundu: KARANTINI. HAITOKI STOO MPAKA IIDHINISHWE.

Ndugu Sindayigaya aliporudi hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha Deodata. Alisoma mkono, akafungua faili. Kifungu kilikuwa wazi: chochote chenye alama ya karantini hukaa ndani ya stoo, na stoo hufungwa. Mtoto akaingizwa mle, akawekewa kirago kati ya rafu na ukuta. Dirisha lilikuwa na nondo. Deodata alibaki na kazi yake na ufunguo, na aliuchukia ufunguo ule. Mara mbili usiku aliacha mlango wazi makusudi. Mara zote mbili Genoveva alifika kizingitini, miguu ikagoma, akarudi kulala.

Vita viliisha. Juni, mkaguzi wa ubora alirudi akichechemea, akaja kijijini. Aliitwa Ndugu Emilian, mtu mpole aliyeomba maji ya kunywa kwa adabu. Alipima vichupa kutoka katoni tano, akazitia sahihi, moja baada ya nyingine, na kila alipotia sahihi karatasi nyekundu ilibanduka yenyewe ikaanguka. Ya sita aliisogeza kando kwa mguu.

"Hii ilifunguliwa kabla ya wakati. Katoni ikifunguliwa siwezi kuiidhinisha. Kwa kawaida huteketezwa."

Kwandu akasimama kati yake na mtoto.

"Mama, mtoto siwezi kumteketeza," alisema Emilian. Alimpima Genoveva mapigo, akamsikiliza mapafu, akaandika muda mrefu.

"Mwanangu ni mzima?" aliuliza Kwandu.

"Mzima kabisa. Hajaidhinishwa tu. Nimeandika abaki stoo."

Katoni tano zilipakiwa kwenye Landrova zikapelekwa mjini. Mahali pake zikashushwa nyingine tatu, lebo zake nene kwenye pembe, kama zilizobandikwa juu ya nyingine. Kwandu aliuza ng'ombe mmoja, akanunua godoro, akahamia stoo. Deodata aliwafungia kama alivyoagizwa. Nje watu walikuwa wamekwisha kukaa kwenye benchi. Akachochea kuni, akamwita wa kwanza.