Gazeti Lisilogeuzwa Ukurasa

Mimi ni Kanini wa Video, na mtaa wote wa Landless, hapa Thika, unanijua kwa mdomo. Ukumbi wangu ni wa mabati, una mabenchi kumi na moja, televisheni kubwa na spika mbili. Kila Jumapili saa nane mchana, watu wakishatoka kanisani na kula, wanajaa mpaka wengine wanasimama mlangoni. Hawaji kuona filamu tu. Wanakuja kunisikia. Napunguza sauti ya filamu, nashika maiki, naisimulia kwa Kiswahili chetu cha hapa. Wale wazungu nawapa majina ya watu wa mtaa, natia utani, natia umbea wa wiki. Watu wanacheka mpaka mabati yanalia, na mimi kile kicheko nilikipenda kuliko chakula. Nasema nilikipenda, maana tangu lile jambo la Baba Marvin, nikisikia watu wanacheka pamoja uso wangu unachoma.

Mwaka juzi nilianzisha Jumapili za majasusi wa zamani. Vijana walininunia.

"Aunty, hizi hata rangi hazina. Tuwekee kitu."

"Kaeni chini," nikawaambia. "Hizo mnazopenda, za magari kuruka maghorofa, zimezaliwa na hizi. Yule bosi mpole wa suti ambaye mwishoni ndiye anauza wenzake, ametoka huku. Zile briefcase mbili za kufanana zinabadilishwa steshoni, ni huku. Hawa wa siku hizi wameongeza baruti tu."

Na kweli, polepole wakaona. Jasusi wa zamani hana vifaa vya maajabu. Ana koti, kofia na subira. Anaweza kutazama mlango mmoja dakika kumi, na wewe kwenye benchi mate hayashuki. Tena hakuna hata moja isiyo na msaliti. Lazima mtu wa karibu awe anauza mtu. Nilizisimulia nyingi hivyo mpaka nikawa kila nikiona mtu mpole najiuliza anamuuza nani.

Kitu kimoja nilifundisha kila wiki. Nilisimamisha picha kwa rimoti nikasema, "Mwangalieni huyo wa gazeti. Amekaa hapo tangu asubuhi, ukurasa hajageuza. Mtu akishika gazeti bila kugeuza, hasomi. Anaficha kitu."

Basi asubuhi moja pale steji, kituo chetu cha magari, nikamwona Baba Marvin.

Huyu jina lake ni Obiero, mtu wa magharibi, amefanya kazi ya kiwanda hapa Thika miaka ishirini. Ni mwenyekiti wa chama chetu cha mazishi, mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi. Kwenye ukumbi wangu benchi la mbele ni lake na mkewe Trizah, kila Jumapili. Asubuhi ile alikuwa ameketi kwenye jiwe akingoja gari la kiwanda, gazeti mbele ya uso. Nilinunua mandazi, nikala yote mawili. Hakugeuza ukurasa. Kesho yake vilevile.

Nikamwambia rafiki yangu Ngendo, ambaye ana saluni mlango wa pili na masikio kama yangu.

"Baba Marvin? Wacha!" akasema. "Na unajua kila Jumanne na Alhamisi akitoka kazi harudi nyumbani? Anapanda gari la Ruiru. Na begi dogo. Na ameoga."

"Ameoga?"

"Ameoga, Kanini. Alasiri. Mwanaume wa ndoa."

Alhamisi hiyo tulimfuata. Naona aibu kuandika, lakini tulifurahia sana. Tulipanda gari la nyuma yake. Mimi nilivaa miwani ya jua ya Ngendo, Ngendo akageuza sweta nje ndani, eti asitambulike. Ruiru tulishuka tukajificha nyuma ya mama wa ndizi, mpaka akatuuliza kama tunanunua ama tunaiba. Baba Marvin alipita mbele yetu, akavuka barabara, akaingia kwenye jengo dogo nyuma ya kanisa. Mwanamke mrembo wa kama miaka thelathini na tano alimfungulia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Mlango ukafungwa.

Tulisogea mpaka ukutani. Tukasikia sauti ya mwanamke, tamu kabisa: "Leo umewahi kuliko wote. Usiogope. Legeza mkono. Ndiyo, hivyo. Polepole."

Ngendo akaniuma bega asicheke. "Ngai! Twende karibu tuone."

"Tumeshaona," nikasema. Hapo ndipo ningesimama. Ningengoja dakika kumi tu, vile wale majasusi wangu wanangoja, ningewaona wanafunzi wengine wakifika na vitabu vyao. Lakini mimi subira niliifundisha watu, sikuwahi kuwa nayo.

Jumapili ukumbi ulijaa kupita kiasi, maana Ngendo alikuwa amepitisha neno kwamba kuna kitu. Filamu ilikuwa ya mtu wa koti refu anayevuka daraja kwenye ukungu. Nikashika maiki.

"Huyu ni Agenti O," nikaanza. "Shati limepigwa pasi. Anafanya kazi kiwandani, lakini Jumanne na Alhamisi ana kazi ya siri! Ameoga, jamani! Anashuka Ruiru, anaangalia kushoto, anaangalia kulia. Mlango unafunguka, mrembo huyu hapa! Anamwambia, legeza mkono, Agenti, polepole!"

Watu walianza kucheka kabla hawajaelewa. Kisha mmoja akageuka kumwangalia Obiero, wa pili akageuka, na kicheko kikapanda. Maina, yule fundi wa pikipiki, akaita kutoka mlangoni, "Chairman! Kumbe wewe ni mkali hivyo!"

Obiero hakugeuka. Alikuwa anatazama televisheni kama hajasikia, mikono magotini. Nilidhani Trizah ataangua kilio, au atampiga kofi, na Mungu anisamehe, nilikuwa tayari kuisimulia hiyo pia. Trizah alisimama akanielekezea kidole.

"Zima hiyo kitu."

Sikuzima. Niliteremsha tu maiki.

"Mume wangu hana mwanamke Ruiru," akasema. "Yule ni mwalimu. Bwana yangu anaenda ngumbaru. Anajifunza kusoma. Mmesikia sasa? Mmeshiba?"

Ngumbaru, darasa la watu wazima wasiojua kusoma, ni neno ambalo kwetu hutumiwa kutukania mtu. Maina akalirudia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeonja kitu: "Ngumbaru? Chairman?" Na mahali fulani nyuma mtu akacheka puani. Kisha wawili. Halafu ukumbi wote.

Hapo ndipo Obiero aliposimama. Alimshika mkewe kiwiko, akamwongoza katikati ya mabenchi polepole, akiomba njia. "Nipishe kidogo. Asante. Nipishe."

Wiki hiyo hakupanda gari la Ruiru. Jumanne hapana, Alhamisi hapana. Aliandika, au mtu alimwandikia, barua ya kujiuzulu uenyekiti. Watoto walikuwa wakimwona wanaimba a, e, i, o, u. Na ukumbini kwangu Jumapili iliyofuata watu walijaa hata zaidi. "Aunty, rudia ile ya Agenti O!" Niliweka filamu na sauti yake yenyewe, nikakaa nje kwenye kreti la soda. Nusu yao waliondoka.

Jumatatu nilienda Ruiru peke yangu, bila miwani. Yule mwanamke anaitwa Mwalimu Bridget. Nilimwambia nimefanya nini, yote, mpaka yale ya "legeza mkono".

Hakucheka. "Alikuwa anashika kalamu kama nyundo," akasema. "Miezi mitatu tulikuwa tunafundisha vidole tu. Mtihani ni wiki ijayo. Asipokuja Alhamisi hii, jina lake silipeleki."

Nikapita nyumbani kwao nikirudi. Obiero alikuwa uani anapigilia mguu wa kigoda. Trizah alinitazama kutoka mlangoni.

"Usiombe kiti," akaniambia. "Mimi najilaumu kutwa, lakini ni wewe ulinifungua mdomo."

"Mama Marvin, ni kweli."

Nilibaki nimesimama. Nikamwambia Obiero nimekuja kuomba msamaha. Alipiga misumari miwili kabla ya kujibu.

"Bora wangebaki na hilo la mwanamke," akasema. "Mwanaume wa Landless akiwa na mwanamke Ruiru, watu wanacheka wiki moja, halafu wanamwonea wivu. Mke wangu alidhani ananiokoa."

"Baba Marvin, mimi nilidhani..."

"Unajua kwa nini nilianza? Ni wewe." Akaweka nyundo chini. "Miaka sita nakaa benchi la mbele nakusikiza. Na maneno yanapita chini ya picha, meupe, mbio. Nikawa najiuliza, haya yanasema anayosema Kanini? Ile ya yule mwanamke wa kofia, aliyeacha karatasi mezani. Uliwaambia watu ameandika kwamba amemuuza jamaa kwa polisi. Watu wakamtukana sana. Mimi nikainakili ile karatasi vile ilivyo, W, A, I, T, nikampelekea mwalimu. Akaniambia, hii ni ngoja. Alikuwa anamwambia amngoje."

Ndipo nikaelewa lile gazeti la steji: ukurasa mmoja ulikuwa unamtosha asubuhi nzima. Mimi niliachia shule darasa la sita. Kiswahili nasoma vizuri, lakini Kiingereza cha mbio namna ile kinanipita, na kikinipita natunga. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Nenda Alhamisi," nikamwomba. "Mtihani ni wiki ijayo."

"Wataniona steji na daftari."

"Hawatakuwa wanakuangalia wewe," nikasema. "Watakuwa wananiangalia mimi."

Jumatano nilichukua maiki, spika mbili nikazielekeza barabarani, nikatangaza: mimi Kanini wa Video, maandishi ya Kiingereza ya chini ya picha siyajui, miaka sita nimewatungia, kesho naanza ngumbaru. Mngesikia walivyocheka! Maina alilala juu ya pikipiki. Ngendo alinivuta mkono, "Umerogwa? Nani atakuja tena?" Alhamisi saa kumi nilisimama steji na daftari juu kabisa, mahali kila mtu anaona. Na huku nyuma yao wote, Obiero akapita akapanda gari la kwanza, na hakuna aliyemwangalia. Nilipoona hivyo, nakiri, moyo ulijisifu kidogo.

Darasani tulikuwa tisa. Yeye alikaa karibu na ubao, mimi nikaketi kona ya nyuma. Hakunisalimu. Mwalimu Bridget aliandika mistari minne, ile ya mtihani wa mfano, akasema, "Mzee Obiero, tuanzie kwako. Kwa sauti."

Alisimama. Alishika kitabu kwa mikono miwili. Shingo yake niliiona ikilowa jasho kwenye kola. Akafungua mdomo, akafunga.

"Hata polepole," mwalimu akasema.

"Naweza, mwalimu. Nyumbani nimesoma." Kisha, bila kugeuka: "Huyu akiwa hapa siwezi. Nikikosea nitajisikia kwenye spika zake."

Wenzake wote wakageuka kunitazama. Hakuna aliyecheka. Mwalimu Bridget alifungua mdomo aseme kitu, nadhani alitaka kunitetea, kwamba nimelipa fomu kama wengine. Nilimtikisia kichwa. Nikachukua daftari langu ambalo lilikuwa bado halina hata jina, nikainama nikapita pembeni mwa ukuta.

"Nipishe kidogo," nikamwambia mama wa mlangoni.

Nje nilitembea mbio hadi barabarani, nikapanda gari lililokuwa tayari linaondoka. Ngendo alikuwa ananingoja Landless, ametoka saluni na kitana mkononi.

"Haya, lete. Alisoma? Alikosea? Alisema nini?"

"Sijui."

"Wacha kunificha, Kanini. Si ulikuwa ndani?"

"Nilitoka. Sijui, Ngendo."

Akaona sina kitu, akarudi kwa mteja wake.