Shimo la Gego la Fundi

Fundi cherehani aling'olewa gego la chini saa tatu asubuhi, na saa nne alikuwa kazini, pamba mdomoni, mguu kwenye pedeli. Daktari wa meno alikuwa amemweleza bila haraka: aume pamba nusu saa, asisukutue mpaka kesho, asiteme mate kwa nguvu, asivute sigara, asinyonye kitu. Damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha shimo. Ikitoka, mfupa unabaki wazi.

Sigara hakuvuta, na soda aliikataa. Lakini mazoea yana taabu. Alipotaka kutunga sindano, alitia ncha ya uzi mdomoni akainyonya, kama alivyofanya miaka thelathini. Kifuniko kikachomoka.

Siku ya tatu taya liliuma mpaka sikioni, na shimo likaanza kusema kwa sauti ya mdogo wake.

"Dada, utakuja lini?"

Mteja aliyekuwa akipimwa kiuno alisikiliza kidogo. "Si mdogo wako huyo? Nisalimie."

Mdogo mtu alikuwa amekufa miaka sita nyuma. Alipolazwa hospitali, alimwita dada yake mara mbili, na mara zote mbili fundi akajibu kwamba ana gauni la harusi, akimaliza tu atakwenda. Mgonjwa alifariki Ijumaa. Gauni lilikamilika Jumamosi, likapendeza sana. Majuto ni mjukuu, lakini wa fundi alikuwa ameshaota ndevu.

"Nakuja, mdogo wangu," alisema. "Nakuja sasa hivi."

"Dada, utakuja lini?"

Alirudi kwa daktari.

"Ulinyonya nini?"

"Uzi."

Daktari aliosha shimo, akatia dawa. "Usijichoshe kulijibu. Lina mdomo, halina masikio. Sukutua polepole kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kila ukishakula, na utafune upande wa pili. Litafunga lenyewe."

Fundi hakutaka lifunge kabla hajasikika. Jioni ile aliacha maji ya chumvi yapoe mezani, akakaa akiomba msamaha kwa sauti, tena na tena. Kisha maumivu ya taya yakamzidi. Alivumilia kwa muda wa kushona mkono mmoja wa shati, halafu akapasha maji upya, akasukutua. Sauti ikapungua. Alilia, lakini kesho yake alisukutua tena, mara tatu, kama alivyoagizwa.

Wiki ya tatu sauti ilibaki kunong'ona tu. "Basi dada, maliza kazi yako kwanza," ilisema, na asubuhi ufizi ulikuwa umefunga.

Daktari aliubonyeza kwa kidole. "Limepona vizuri. Wagonjwa wote wangekuwa kama wewe!"

Fundi hakufunga mdomo. Alimwonyesha gego la upande wa pili. "Ning'oe na hili."

"Hilo ni zima, mama."

"Najua."

"Wengi huomba hivyo," daktari alisema, akavua glavu na kumwita mgonjwa aliyefuata.