Tone la Dagaa

Muuguzi Selina alikuwa na ugomvi wa kudumu na wazazi wanaowaambia watoto kwamba sindano haiumi. Inauma kidogo, na inawasha kuliko inavyouma, na mtoto akishadanganywa mara moja hakuamini tena hata ukimwambia jua limetoka. Kwa hiyo katika chumba chake cha kupimia aleji, hapo Mwanza, uongo ulikuwa marufuku. Tena alikuwa na mtindo ambao wenzake waliucheka. Kipimo kina tone moja ambalo lazima limvimbishe na kumwasha kila mtu, ili ijulikane kwamba kinafanya kazi, na Selina alijichoma hilo tone na yeye, apate kuwashwa pamoja na mtoto. Ikifika Ijumaa mkono wake ulikuwa kama wa mtu aliyelala bila chandarua.

Asubuhi moja aliletewa Perez, binti wa miaka saba kutoka ufukwe wa Mara, na baba yake Otuoma, mvuvi wa dagaa. Mara tatu mtoto alikuwa amevimba midomo na kubanwa pumzi baada ya kula, na mara zote tatu kwenye sahani kulikuwa na dagaa. Nyumbani walikwisha kutoa hukumu, walichofuata mjini ni uthibitisho tu.

Selina alimwekea matone mkononi, akimtajia kila moja: yai, maziwa, karanga, dagaa, sangara, na lile la kuwasha.

"Nitakuchoma juu juu kwenye kila tone, na utasikia," alimwambia. "Lakini sichomi mpaka wewe useme 'sasa'."

Perez alisema sasa kwa yai, akasema kwa maziwa, na kwa karanga alisema hata kabla ya kuulizwa. Selina akaanza kujisifu moyoni. Walipofika kwenye dagaa, mtoto akauinua mkono kutoka mezani na kugoma.

Otuoma akaanza kumbembeleza kwa soda na viatu vipya, Selina akamnyamazisha kwa jicho. Sindano zote ni za aina moja, aliwaza, basi hofu hii si ya sindano. Akamuuliza Perez anaogopa nini hapo.

"Hiyo ikivimba, nitapelekwa Magu."

Otuoma akainamisha kichwa. Ikabidi aeleze kwamba kwao dagaa huanikwa mpaka mlangoni, kwa hiyo alikuwa amekubaliana na dada yake wa Magu amchukue mtoto akae naye. Aliyazungumza hayo kwenye simu nyuma ya nyumba, akidhani binti yuko shuleni.

Selina alitamani kusema haitavimba. Alitamani mno, mpaka ulimi ukamwasha.

"Sijui kama itavimba," alisema. "Ila usipopimwa, watu wazima wataamua kwa kukisia."

Perez akamtazama baba yake, kisha akaurudisha mkono mezani.

"Sasa."

Selina akamalizia matone yaliyobaki, akajichoma na yeye lile la kuwasha, ikafuata robo saa ya kungoja bila kujikuna. Walipulizana mikono, wakashindana nani atavumilia, na Perez akagundua kwamba muuguzi ndiye dhaifu zaidi. Hilo lilimfurahisha sana.

Muda ulipotimia, dagaa na sangara walikuwa bapa kabisa. Karanga ilikuwa imeumuka kama andazi. Daktari akaitwa, akapima kwa rula, akamuuliza Otuoma dagaa hupikwaje kwake. Kwa karanga za kusaga, alijibu, dada yake wa Magu huwaletea gunia kila mavuno. Halafu akakisikia mwenyewe alichokisema. Walitaka kumhamishia mtoto kwenye ghala lenyewe la karanga. Akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia, na Selina akacheka naye, huku daktari akiandika dawa na kusisitiza kwamba karanga zisiingie tena katika nyumba hiyo.

Perez hakucheka.

"Baba, ingevimba ya dagaa, ungenipeleka?"

Otuoma alifungua mdomo, na Selina aliliona neno "hapana" limekwisha kufika kwenye meno. Mvuvi akalimeza.

"Ningekupeleka," alisema. "Halafu ningekuja kukuona kila wiki, nikiwa nimeoga mara mbili."

Perez alilipima jibu hilo, akaona linatosha. Akateremka kwenye kiti, akaenda kukaa mapajani mwa baba yake.