Kijiko Kimoja cha Tangi la Sita

...na kijiko chenyewe kilikuwa kimoja tu, tena si cha kujaa, nani angekihesabu katika tangi la lita elfu tano, mashine inavuma, saa yake nyekundu inasema dakika sita na sekunde arobaini, humo ndani vichupa vinane vinazungushwa mbio mpaka mafuta yaachane na maji, na bosi wangu, mkemia, amesimama mikono nyuma kama mume nje ya wodi ya wazazi, "Mama, yakifika alama ya tatu tumepona," ananiambia, naitikia eee, kwa sababu yasipofika... wageni wa shirika la ndege, wanaotaka mafuta haya, wako chumba cha pili, wamesema wazi kwamba leo ndiyo mwisho, yasipofika hapo mradi unafungwa, mabwawa yanakaushwa na huu ukoga wetu wote unamwagwa mtaroni, ukoga, bosi hapendi neno hilo, anasema mwani, mama, tuseme mwani, lakini mimi nilifundishwa ukoga na mama yangu mzazi, kila Jumamosi ananishikisha brashi, nazama nusu mwili ndani ya pipa la maji, sugua, hapo umeruka, sugua tena, ukoga ni wa watu wavivu, na siku nilipomwambia nimepata kazi ya kuulisha alicheka hadi akashika ukuta, yaani nimekufundisha kuusugua, wewe unakwenda kuufuga, na ukishanenepa utaupeleka wapi? Kwenye ndege, mama. Akanitazama, akaniuliza kama nimekula... dakika tano na kitu, bosi anagonga kidole mezani, laiti asingeandika lile neno ubaoni kwa herufi kubwa, TANGI LA SITA MSIWAPE, siku saba, maana hapa kwetu hakuna anayesema usitie mbolea, tunasema wape, msiwape, wamelala, wameamka vibaya leo, ni wageni tu wanaosema hii, hii kitu ya kijani, na bosi alinieleza vizuri, sitamsingizia, mama, wakishiba wanazaana tu, ukiwanyima wanashtuka, wanaanza kuweka akiba, na akiba yao ndiyo mafuta yetu, nikaelewa, nikaitika, halafu siku ya nne nikafunua tangi nikakuta wamepauka, kijani chote kimekwenda, rangi ya mtoto aliyeharisha usiku kucha, na mimi nimelea wanne, simwoni mtoto yuko vile nikapita zangu, mkono ulikwenda wenyewe kwenye gunia la mbolea, kijiko kimoja, nikakoroga, nikawaambia kuleni haraka msiniaibishe, mpumbavu mimi, kuhurumia ukoga! Dakika nne. Na jana aliniita, mama njoo uweke jicho hapa kwenye darubini, nikaweka, jamani... jamani, mimi mtu mzima nilisahau kupumua, tone moja la maji ya tangi la sita, lisilojaa ukucha, na ndani yake wako mamia, wa mviringo, na kila mmoja, kila mmoja, ana kitone tumboni kinang'aa rangi ya dhahabu, hawana macho, hawana mikono, ndege hawaijui, wamekaa tu juani wakanywa moshi tunaowavutia kwa bomba kutoka kiwanda cha jirani, walipoona njaa wakalikunja lile jua wakalificha tumboni, kama mama yangu alivyoficha unga nyuma ya kabati mwaka ule mbaya, bila kumwambia mtu, nilitaka kulia, kweli tena, nikasingizia harufu ya dawa... dirisha linatetemeka, ndege inapita, bosi anainua macho nami nainua, watu wangapi mle, wamefunga mikanda, kuna anayesinzia, hawajui kwamba kitu nilichokisugua pipani nikilalamika kinaweza kuwabeba juu ya mawingu, Mungu wangu, nimekisugua miaka yote ile... dakika mbili na nusu. Omba yafike, basi, yakifika nani atauliza habari ya kijiko, yakifika bosi ataandika daftarini siku saba za njaa, na kila atakayefuata atawanyima siku saba, mafuta hayatatoka kama haya, na hakuna atakayejua kwa nini, na yasipofika je, hatasema mama yule aliwapa, atasema ukoga huu hauna kitu, umwageni, na wao hawana mdomo wa kusema jamani tulikuwa tunaweka akiba, kuna mtu alituvuruga, wale wote wenye dhahabu tumboni watakwenda mtaroni kwa kosa langu, watoto wangu, nitafukuzwa, ndiyo, nitarudi nyumbani mama aniulize kama nimekula, sawa, lakini niliona kwa jicho langu, siwezi kuwa nimeona kile na nikakaa kimya, dakika moja na sekunde kumi, ikifunguka nimechelewa, nitaonekana nimesubiri jibu kwanza...

"Bosi."

"Subiri, mama, inakaribia."

"Siku ya nne niliwapa."

Mashine inavuma, hamsini na tano, hamsini na nne, kidole chake kimeacha kugonga meza.