Maji ya Udhu

Mbaruku wa ofisi ya maji alikuja kunikatia maji adhuhuri ikikaribia. Alinikuta mlangoni, kwenye kiti changu cha magurudumu.

"Mama Mwamina, deni limezidi. Mtu mmoja unatumiaje maji yote haya?"

"Tangu miguu ife nashinda nimekaa. Nina vidonda vya makalio, nisipoviosha kila siku vinaoza. Nikufunulie uone?"

Akainamia mita yake. "Mimi natumwa tu. Si kuna kisima kule bondeni?"

"Kipo. Kiti kikizama kwenye mchanga nitambae, ndoo nimeing'ata kwa meno?"

Aling'oa mita, akaziba bomba, na papo hapo adhana ikasikika. Akajifuta jasho, akakunja mikono ya shati, kisha akaiona ndoo yangu ya mwisho kando ya kiti.

"Mama, nisaidie kopo moja nitie udhu."

Yaani hata haya hana! Nikaifunika ndoo, nikaweka mkono juu ya kifuniko.

"Nyumba hii haina maji, umeyakata mwenyewe sasa hivi. Asiye na maji anatayamamu, mwanangu. Vumbi lile pale uani, piga viganja ujipake. Halina mita."