Rangi ya Singo

"Nawa tena, Bi Tahiya," alisema Daktari Anuar.

Bi Tahiya akacheka. "Nshanawa, mwanangu. Hii rangi ya kazi."

Kazi yake kusinga mabi harusi, kuwasugua mwili kwa singo ya viungo vya kunukia, hapo Mlandege. Mikono ilikula manjano na dalia tangu ujana, hata majirani walisahau rangi yake ya asili. Maji ya mwanzo yalitoka ya manjano, yaliyofuata yakatoka safi. Mikono ikabaki vile vile.

Daktari akamfunua ukope. "Na machoni nako unajisinga?"

Majibu ya vipimo yalipotoka, lile tumbo alilodhani unene, akilibana kwa kanga, lilikuwa limejaa maji. Virusi vya homa ya ini vilimkaa kimya miaka mingi, na ini lilishaanza kugeuka makovu. Daktari akamwandikia kidonge cha kila siku, asikiache. Chumvi apunguze. Na mizizi ya miti shamba anayoichemsha na kunywa, aitupe.

"Nitapona?"

"Makovu huenda yasiondoke. Ila kwa dawa tutayazuia yasizidi. Una watoto?"

"Mmoja, Salhiya. Mja mzito, kaja kujifungulia kwangu."

"Aje apimwe kabla hajazaa. Huenda ulimwambukiza ulipomzaa. Na mtoto wake achanjwe siku ile ile atakayozaliwa, asije akaambukizwa naye."

"Na mabi harusi wangu?"

"Kusinga hakuambukizi. Maradhi haya yamo kwenye damu."

Njiani Bi Tahiya alipanga maneno, akayapangua. Salhiya lazima aambiwe. Ila si mbele ya wakwe, wasije wakasema kijana wao kaozeshwa maradhi.

Nyumbani akamkuta Bi Ummkulthum, mama mkwe wa Salhiya, kesha fika kutoka Nungwi, kajikalia uani anachambua asumini za singo.

"Mkwe, unang'ara," alimtania. "Kesho anaolewa nani, yule mwali wako au wewe?"

Salhiya akacheka, mkono kiunoni. "Mama, nisinge mgongo basi. Huyu mtoto kanielemea."

Bi Tahiya akachota singo, akaikanda kwa marashi. Kiganja kilishuka mgongoni taratibu, kikapita ubavuni, na hapo ndani mtoto akajipindua. Bi Tahiya akauondoa mkono.

"Nimiminie maji, Salhiya."

"Mbona hujamaliza?"

"Nimiminie. Na wewe mkwe, sogea utazame."

Salhiya akainua kopo. Maji yakaingia kwenye beseni yakiwa ya manjano. Akamimina tena, yakashuka safi.

"Hii iliyobaki haitoki, mwanangu. Iko ndani, kwenye ini. Daktari anataka akupime na wewe, apate kumkinga mtoto."

Ua la asumini lilibaki kati ya vidole vya Bi Ummkulthum. Hakulitia kapuni, wala hakulitupa. Salhiya alikuwa bado anamimina, kidogo kidogo, macho kwenye viganja vya mama yake, kama anayeingojea rangi itoke.