Sauti ya Makandi Bila Makandi

Makandi alisoma matangazo ya vifo kwa Kimeru katika redio moja mjini Meru. Kabla ya kusoma lolote, alipiga simu kwanza: je, jamaa wa karibu wote wameshaambiwa? Kama bado, tangazo lilingoja.

Phyllis, meneja wa vipindi, alikuwa rafiki yake tangu chuoni, na ndiye aliyemsimamia harusini. Minong'ono kuhusu akili bandia ilipoanza ofisini, alimwita studio.

"Kuna mashine italetwa isome Kimeru," alimwambia. "Ifundishe wewe. Anayeifundisha hawezi kuguswa, hiyo niachie mimi."

Makandi akarekodi majina, vijiji na salamu za rambirambi mpaka koo likamkauka. Phyllis mwenyewe alimletea chai. Kazi ilipokwisha, akampa likizo.

"Pumzika. Ukirudi, mashine itakuwa chini yako."

Makandi akaenda Kiirua kuvuna viazi vyake. Vibarua walikuwa wametundika redio kwenye ua. Akiwa ameinama shambani, alisikia sauti yake mwenyewe ikitangaza kifo cha Kathuri wa Maua. Kathuri alikuwa mjomba wake.

Kibarua mmoja aliacha jembe. "Si huyo ni wewe?"

Makandi alinawa mikono na kwenda moja kwa moja hadi Githongo kwa mama yake.

Alimkuta ameketi jikoni, macho yamevimba. Wana wa Kathuri walikuwa bado njiani kuja kumpa habari ana kwa ana. Redio iliwatangulia.

"Kaka yangu," mama alisema. "Watu wengine unawapigia simu kwanza. Mimi ukanitangazia kama mgeni."

"Si mimi niliyesoma, Mama."

"Nimekuzaa. Sauti yako siijui?"

Redio ilikuwa mezani, imewashwa. Muda si muda matangazo yakarudi, na sauti ya Makandi ikataja msiba mwingine, wa Igoji. Mama alimtazama bintiye mdomoni. Makandi alikuwa amekaa kimya, machozi yanamtiririka. Mama akanyoosha mkono, akaizima redio, kisha akamvuta kifuani.

Jioni Makandi alimpigia Phyllis.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungerekodi?"

"Nisingerekodi."

"Ndiyo hivyo basi. Wakubwa wa redio walisema mmoja wetu lazima aende, Makandi. Mimi pia nina watoto."

"Kwa hiyo ile chai ulikuwa ukiniletea huku unajua."

Phyllis alikata simu.

Siku ya mazishi, familia ilimwomba Makandi asome wasifu wa marehemu. Alisimama mbele ya waombolezaji pale Maua na kushika kipaza sauti. Hapo ndipo alipomwona Phyllis kwenye viti vya nyuma, amejifunga leso ya maombolezo, ameinua simu anarekodi.

Makandi akangoja. Watu wakaanza kugeuka kuangalia anachokitazama.

"Phyllis," alisema bila kupaza sauti, "weka simu kwenye mkoba."

Phyllis aliishusha simu. Alikaa kidogo huku watu wakimwangalia, kisha akainuka na kuondoka bila kumsalimu mtu. Makandi akaweka kipaza sauti chini. Akasogea karibu na jeneza, akaanza kusimulia habari za mjomba wake, na waliokuwa nyuma wakasogeza viti mbele ili wamsikie.